Juzuu ya 22: hitima iliyosomwa kwa simu

Kisa chenyewe ni kidogo. Ramadhani ya mwaka 2020, ile ya kafyu, familia moja ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu ilimsomea marehemu wao hitima, yaani Kurani nzima, kwa WhatsApp, na hesabu ya majuzuu, zile sehemu zake thelathini, ikakataa kutimia. Ishirini na tisa zilionekana, moja haikuonekana. Familia hiyo ni yangu. Marehemu alikuwa mama mkubwa wangu, na simu iliyozunguka nyumbani siku zile ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Majina nayaacha.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa sababu watu wakizungumzia korona husema tu kwamba mambo yalihamia kwenye simu, kama mtu anayehamisha vyombo kutoka nyumba hii hadi ile. Kwetu vyombo havikukaa. Kila tulichokipeleka kwenye simu kiliuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa na mtu, maana jibu lake lilikuwa limo ukutani siku zote.

Nyumba

Asiyeijua nyumba ya mawe ya Lamu hatanielewa, basi tuanzie mlangoni. Kabla ya mlango pana daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na ndani ya daka pana baraza mbili za mawe zinazotazamana. Mgeni wa kiume huishia hapo. Anakaa, anapewa kahawa tungu, anazungumza haja yake, anakwenda zake bila kuona hata pazia. Ukiingia, tekani, kile kijiukumbi cha kupinda, inakukatisha ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani. Toka kiwandani unapanda kidogo kuingia msana wa tini, ukumbi wa chini, unapanda tena msana wa yuu, ule wa juu, kisha ndani, kwenye zidaka, yaani vishubaka, zilizochongwa ukuta mzima. Nyuma kabisa pana nyumba kati. Huko ndiko wazee wetu walikozaliwa na ndiko walikooshwa.

Vyumba hivi ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko na boriti haizidi kipimo chake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kupiga picha milango. Sisi tuliokulia humo tunajua kwamba mlango ni mwanzo tu. Nyumba nzima ni ngazi ya heshima: kila hatua moja ndani, watu wanaoruhusiwa wanapungua.

Na jambo moja la kuchekesha, ambalo halina budi kutajwa: mtandao nao hupungua vivyo hivyo. Darini juu simu inashika vizuri. Barazani inashika. Msana wa yuu unaanza kusema "haloo, haloo". Nyumba kati hakuna kitu.

Hali ya nchi

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, vyuo vikafungwa, misikiti ikafuata. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Lamu hatukushangaa sana, maana kafyu tulishaionja mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni. Ila ile ya 2014 ilituhusu sisi na usalama wetu. Hii ilimhusu kila mtu, na iliangukia Ramadhani, mwezi ambao mji huu huamka usiku.

Kilichotuumiza zaidi ni Aprili 8, siku Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungwa. Basi la Mombasa kuja Mokowe, gati la bara tunapovukia, hupita Kilifi, hupita Malindi. Hakuna njia nyingine ya nchi kavu yenye maana. Kwa hiyo mtoto mkubwa wa mama mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa safari ya siku moja kutoka kwetu lakini mbali kama aliye ng'ambo. Mdogo wake yuko Dubai. Ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa tangu Machi 25, lakini yeye hata kabla ya hapo hakuwa amewahi kufika matanga ya mtu. Vifo vitatu vya nyumbani vilimpita akiwa kazini.

Mama mkubwa hakufa kwa korona. Kisukari kilikuwa kimemla miaka mingi, na katika kumi la kwanza la Ramadhani kikammaliza, saa tisa za usiku, kafyu ikiwa imekaza.

Usiku ule

Maiti hawezi kubaki na watu wawili. Waoshaji walikuwa nyumba ya nne, lakini kichochoro kilikuwa cha askari mpaka saa kumi na moja. Basi mama yangu akapanda ghorofani, akavuka wikio, yaani kile chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba, akagonga mlango wa jirani. Jirani akavuka la kwake. Kabla ya daku kwisha walikuwa wanawake sita ndani, na hakuna aliyekanyaga barabara. Amri ilikuwa ya barabarani. Wikio zilijengwa zamani ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani, na usiku ule zilitusitiri.

Simu ilianza kulia alfajiri. Kaka wa Mombasa alikuwa ameshapigiwa, alilia, akanyamaza, kisha akaomba kitu kimoja: amuone mama yake uso. Akapiga video.

Nilikuwa msana wa yuu. Nikavua viatu, nikaenda na simu mpaka kizingiti cha nyumba kati, picha ikiwa inakatika-katika. Mwoshaji mkubwa, bibi wa makamo ambaye ameosha nusu ya wanawake wa mtaa huu, akainua kichwa, akaona mwanga. Hakupiga kelele.

"Simu na ikae nde, mwanangu."

Nikamwambia ni mwanawe, anamtaka mamake.

"Namjua ni mwanawe. Mwanawe angekuwepo angesimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Angesimama barazani na wanaume. Angeitwa baada ya kukafiniwa, aingie, afunuliwe uso, abusu paji, atoke. Hakuna aliyewahi kuniandikia kanuni hiyo na sikuwahi kuuliza. Nyumba ilikuwa inaijua. Simu haikuijua, na mimi niliyeishika nilikuwa naiingiza mahali ambapo mwenyewe asingeingia. Nikarudi nyuma. Nikamweka kaka barazani, kweli kabisa: nikaegemeza simu kwenye baraza ya daka, uso wa kioo ukitazama njia, akakaa hapo dakika arobaini akisikia watu wanapita wakisema "makiwa" naye akiitikia "tunayo". Aliniambia baadaye kwamba zile dakika ndizo zilizomshikiza.

Maiti alipokuwa tayari, wanawake walimtoa mpaka ndani, chini ya zidaka, kwa sababu mbili: hapo ndipo wanaume maharimu, jamaa wa karibu wasioweza kumuoa, huingia kuaga, na hapo ndipo mtandao ulipoanza kushika. Sijui ipi ilitangulia kichwani mwao.

Likazuka la pili. Mwishoni mwa Aprili ule WhatsApp ilikuwa imeongeza simu ya video ya pamoja kutoka watu wanne hadi wanane, na binamu mmoja akataka tuunganishe wengine saba na simu yetu, waage kwa pamoja. Binti wa marehemu akauliza ni kina nani hao. Kati ya saba, watatu hawakuwa maharimu wa marehemu. Wangekuja kwa miguu yao wasingefika hapo. Tukapiga kwa mmoja mmoja, na mengine yakakatika njiani. Mdogo mtu wa Dubai hakupata hata hilo, kwa kuwa Falme za Kiarabu zilikuwa zimefunga simu za WhatsApp. Kwa sauti, ujumbe uliorekodiwa tu ndio uliokuwa ukipita. Akatuma sekunde tisa. Tulizichezesha karibu na sikio la maiti. Nikiulizwa kama ni sawa kisheria nitasema niliwaachia wazee, na wazee walinyamaza.

Kumi na watano

Hapa nitapita haraka. Amri ilisema watu wasiozidi 15 maziarani. Lamu jeneza haliitiwi watu. Linatoka, na kila mwanamume aliye njiani anaingia chini yake hatua chache kutafuta thawabu, anampisha mwingine. Siku hiyo mjomba, kaka wa marehemu, mwenye miaka 71, aliandika majina kwenye karatasi. Aliandika, akafuta, akaandika. Alisema baadaye hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, kuchagua nani azike. Walisali nje, wakiwa na barakoa, wameachana. (Wanawake tulitaniana kwamba sisi wa nikabu barakoa tumezaliwa nazo. Hata matangani watu hucheka.)

Sanduku na orodha

Hitima ilikuwa siku ya tatu, na hapa ndipo kisa kinapokaza.

Kwa kawaida husomwa kwa sanduku. Msikiti unalo, na baadhi ya nyumba zinalo: sanduku la mbao lenye vitabu thelathini vyembamba, kila juzuu na jalada lake. Watu wanakaa, mmoja anagawa. Hachagui kwa mpango. Anachota na kukupa, nawe unapokea kwa mikono miwili, iwe nyepesi kwako au ngumu. Ukimaliza unarudisha. Msomaji mzuri anamaliza kwa nusu saa hivi, na anayeburuza husaidiwa na jirani yake bila kusemwa. Sanduku likijaa tena, kila mtu ameona. Hakuna anayehesabu.

Safari hii kazi alipewa mjukuu wa marehemu, msichana wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa sababu chuo kimefungwa. Yeye ndiye admini wa grupu la familia, watu 97 waliotapakaa kutoka Pate hadi Uingereza. Akaandika nambari 1 hadi 30 zikishuka, akaomba kila mtu anakili orodha, aongeze jina lake, airudishe.

Kila aliyewahi kufanya hivi anajua kilichotokea. Wawili wananakili orodha ileile kwa wakati mmoja, wanaongeza majina, na kila mmoja anafuta la mwenzake bila kujua. Kwa dakika ishirini orodha ilikwenda mbele na kurudi nyuma kama dau lisilo na usukani. Amma, juzuu ya mwisho, ilichukuliwa mara nne. Tabaraka, iliyo kabla yake, mara tatu. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kwanza kubwa: kwenye sanduku juzuu inakuchagua wewe, kwenye simu wewe unaichagua, na mtu akipewa kuchagua hukimbilia aliyoihifadhi madrasani. Za katikati, ndefu zisizozoeleka, zilibaki zinatazamana.

Na huku watu wanaleta pole. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" ilikuja mara sitini na kitu, yenye maua, yenye mishumaa, moja ina machweo ya jua. Kila pole iliisukuma orodha juu, mpaka anayeingia sasa hivi haioni. Katikati mtu akatupia ile habari ya kutibu korona kwa tangawizi, malimau na habasoda iliyokuwa ikizunguka nchi nzima.

Msichana akafanya jambo la busara, au alilodhani ni la busara. Akalifunga grupu, admini peke yake ndiye anayeweza kuandika. Akasema kila mtu amtumie faraghani juzuu anayoitaka, kwa maandishi au kwa sauti, yeye ataiandika. Kwa robo saa akaitengeneza orodha safi.

Sasa angalia kosa lilipoingia. Mjomba haandiki. Alituma sauti, na alisema kama anavyosema mtu wa umri wake, ambaye majuzuu anayajua kwa majina ya maneno yake ya mwanzo, si kwa nambari: "Mimi niandikie Waman-yaknut." Hiyo ndiyo ya 22. Msichana alisoma madrasa, lakini kizazi chake kinahesabu. Nyuma ya sauti palikuwa na punda analia na mtu anakwangua sufuria. Akasikia Wamaliya. Wamaliya ni ya 23. Akaiandika 23, jina la mjomba, na hakuona kwamba 23 ilikuwa tayari na jina la kaka wa Mombasa mistari miwili juu, kwa sababu orodha ilikuwa inamkimbia.

Mjomba akaona. Akataka kusema. Akagusa mahali pa kuongea na kukuta maandishi ya kumwambia kwamba wasimamizi tu ndio wanaoruhusiwa kutuma. Akampigia simu msichana, laini inatumika. Akapiga tena, inatumika. Siku hiyo dunia nzima ilikuwa inampigia yeye.

Alasiri, kabla ya dua, msichana akahakiki. 23 mara mbili, 22 tupu. Na 22, kwa wasiojua, ndiyo yenye mwanzo wa Yasin, sura ya kusomewa wafu. Hitima ya marehemu bila mwanzo wa Yasin! Nilimwona mikono inamtetemeka. Hakufungua grupu kuuliza, kwa hofu ya mafuriko kurudi. Akamwomba kaka wa Mombasa asome na ya 22. Kaka, aliyefunga na kulia siku tatu, akaisoma mbio mbio akiwa amesimama stoo kazini kwake. Dua ikasogezwa.

Saa kumi na mbili kasorobo hivi mlango ukagongwa. Mjomba, bakora mkononi, barakoa chini ya kidevu.

"Nani amenifunga mdomo?"

Hakuna aliyecheka, ingawa leo tunacheka. Mzee huyu hajawahi kunyamazishwa na mtu katika daka lile. Yeye ndiye hufungua mazungumzo na yeye ndiye hufunga. Amekatizwa na mtoto wa mpwa wake kwa kidole kimoja, na mtoto mwenyewe hakujua kama amekata kauli ya mkubwa. Kwake alikuwa anapanga orodha tu.

Msichana akaomba radhi, akaeleza, akasema Alhamdulillahi, ya 22 imeshapata msomaji.

"Msomaji gani? Waman-yaknut nimeisoma tangu asubuhi."

Ninavyoliona

Hitima ilikuwa imetimia kabla ya orodha kujua. Juzuu ya 22 ilisomwa mara mbili, na marehemu hakupungukiwa na kitu. Kilichokosekana kilikosekana kwenye skrini. Ningeweza kuishia hapo na kusema tazama, sanduku ni bora. Lakini si hivyo ninavyoona.

Sanduku halifiki Dubai. Siku ile mdogo mtu alisoma juzuu mbili chumbani kwake, wenzake watatu wa chumba wakamsaidia ya tatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika vifo vinne kuwa na sehemu. Shangazi mmoja wa Uingereza, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akituma pesa ya hitima na kuambiwa "imesomwa", alisoma yeye. Hayo si madogo, na anayeyadharau hajawahi kufiwa akiwa ugenini.

Ninachosema ni kwamba tulidhani tunahamisha usomaji, kumbe tunahamisha na mamlaka, na hakuna aliyeyataja. Barazani mkubwa ni mkubwa kwa umri, kwa elimu, kwa mahali anapokaa. Kwenye grupu mkubwa ni aliyelifungua. Msichana hakuyataka madaraka hayo. Alipewa na mpangilio wa programu, na programu haina umri.

La pili ni kimya. Pana mzee jirani ambaye katika kila matanga ya mtaa huja siku zote tatu, hukaa kona ileile, na zaidi ya makiwa hasemi neno. Kila mtu anajua alikuwepo. Mwaka ule hakuwepo, kwa maana grupu haimwoni mtu anayenyamaza. Alikuwa amesoma kila kitu. Alikuwa na zile alama za buluu. Lakini nani hukaa kuhesabu alama za buluu? Miezi baadaye nilimsikia akisema, kwa uchungu wa kweli, kwamba hakumzika mama mkubwa wala hakumkalia matanga.

La tatu ni ubani, yaani pesa ya rambirambi. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020, kutuma KSh 1,000 au chini yake kwa M-Pesa hakukuwa na makato, na ubani ukaja kwa simu. Ulikuja mwingi kuliko kawaida, na kutoka kwa watu ambao wasingefika. Ila ubani wa kwetu hupita kiganja kwa kiganja, noti imekunjwa, na mtoaji hatajwi hata na mpokeaji. Kwenye simu uko na jina, na saa, na shilingi. Binti wa marehemu alikaa na orodha ambayo hakuitaka. Aliniambia aliifuta meseji moja baada ya moja, usiku, ili asije akakumbuka nani alitoa kiasi gani.

Na lile la kizingiti ndilo naliweka juu ya yote. Mwoshaji hakuikataa simu. Aliiuliza swali la nyumba: mwenyewe angesimama wapi? Nimejaribu swali hilo kwa mambo mengi tangu hapo, mikutano ya video ya kazini, harusi zinazorushwa moja kwa moja, na linafanya kazi kuliko miongozo yote niliyosoma. Harusi moja Langoni, mtaa mwingine wa hapa, mwaka 2021, kamera ilipelekwa moja kwa moja kwa wanawake. Laiti mwoshaji wetu angekuwepo.

Dua, na yaliyofuata

Jioni ile mjomba alikalishwa barazani aombe dua, na mimi nikarekodi. Ilikuwa karibu na futari, tende na kaimati ziko tayari kwenye sahani za kupelekwa kwa majirani, maana kula pamoja kwenye sinia hakukuruhusiwa. Majirani walikuwa madakani mwao, kila mmoja kwake, kichochoro katikati. Mjomba alipoanza, wakaitikia. Dua ya dakika saba, na kila alipotua, "amin" ilitoka pande mbili za njia, zingine karibu, zingine za mbali, na moja ya mtoto iliyochelewa. Msichana akafungua grupu, akaituma. Jibu la Dubai lilikuja baada ya magharibi: aliisikiliza mara tatu, akasema dua aliijua, ni zile amin za njiani alizokuwa hajazisikia miaka kumi na moja.

Mombasa ilifunguliwa Julai 7, na kaka akaja na basi la kwanza alilopata. Wiki ileile ikaruhusiwa misikiti ifunguliwe: watu 100, saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wasiingie. Mjomba alikwenda Ijumaa ya kwanza akakaa baraza ya nje, akafuata imamu kwa sauti iliyotoka dirishani. Hakulalamika. Alisema ameshazoea kufungiwa.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Sanduku limerudi. Hitima za familia sasa husomwa pande mbili, ishirini barazani na kumi kwa walio mbali, na mjomba huzitoa zile kumi sandukuni kwanza, akaziweka pembeni kwenye mkeka zisichanganyike. Grupu halifungwi tena. Pole zina siku yake, orodha ina yake. Msichana amemaliza chuo na ameolewa, lakini orodha bado ni kazi yake. Anaiandika kwa nambari na kwa jina la kila juzuu, Alif Lam Mim hadi Amma, na kabla hajaituma, mstari mmoja huwa umeshajazwa: 22, Waman-yaknut, Mjomba.